Hapa Naitwa Martha

Dada Otilia,

Shikamoo. Baba Jenista amenileta hotelini, lile jumba la zamani la mkoloni juu ya ziwa, eti nipumzike baada ya msiba. Wamelikarabati kweli, sakafu za mbao zinang'aa mpaka naogopa kuzikanyaga. Chai wanakuletea kitandani. Yangu inapoa tu.

Pale mapokezi waliandika jina langu la ubatizo, basi wahudumu wote ni dada Martha, dada Martha. Na Baba Jenista naye sasa ananiita hivyohivyo. Tangu tumzike Jenista wetu, hajamtaja hata mara moja. Nikimwita Baba Jenista, anatoka nje.

Dada, ukinijibu, niite jina langu. Huku hakuna tena anayeniita.

Mdogo wako,
Mama Jenista