Mgongo Wako Haukuwa na Maringo

Mama yangu mpenzi,

Tangu malaria ikuchukue tumeshapanda na kuvuna mara mbili, na bado nikirudi nyumbani Kitanga naanza kukuita kabla sijatua mzigo. Halafu nakumbuka. Nyumba imeezekwa bati sasa, ungecheka kelele zake mvua ikianza. Elia, kitinda mimba wako, anaoa, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Unakumbuka jioni zile tukitoka kupalilia maharage? Ulikuwa unalala kifudifudi mkekani, unaniita nipande mgongoni. "Kanyaga, mimi si yai." Nami nakanyaga na miguu yangu ya udongo, nimeshika ukuta, wewe unaguna huku unacheka. Mahali penyewe bado napajua, chini kidogo ya kiuno. Hapo ndipo ulipotaka kisigino. Natamani nirudishiwe jioni moja tu ya zile, Mama. Moja tu.

Asubuhi ndiyo ilikuwa shughuli. Kwetu mwanamke husalimia ameinama, magoti yamekunjwa, makofi yakipigwa taratibu, na salamu zenyewe haziishi upesi. Wewe ulisema "Mwakeye" umesimama wima, mkono mmoja kiunoni, maana mgongo ulikataa kukunjika. Shangazi, dada yake baba, akasema una maringo. Ukapelekwa mjini Kasulu kupigwa eksirei, picha ikatoka safi, na hapo ndipo mdomo wake ulipopata nguvu: mgonjwa gani huyu asiyeonekana ugonjwa? Jina hilo la maringo likakuganda mpaka ukaingia nalo kaburini. Linaniuma hadi leo.

Sasa sikiliza. Nilipata kazi Kibondo, hospitali ya kambi ya wakimbizi, ya kutafsiri. Daktari ni Mkongomani, wagonjwa wengi ni Warundi, na Kiha chetu na Kirundi ni ndugu. Siku moja akaja mama mmoja, mgongo unamuuma tangu ujana wake, picha safi. Nikasubiri daktari amfukuze. Hakumfukuza. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mwambie asiogope. Maumivu yake ni ya kweli. Ubongo njo ilizoea kuumia, haijue kuacha."

Akaeleza kwamba maumivu yakikaa miaka, ubongo wenyewe hubadilika namna unavyofanya kazi. Mgongo unaweza kuwa umeshapona, picha isione kitu, lakini ubongo unaendelea kupiga kelele, kama mbwa aliyeshtushwa na mwizi mara moja akawa anabwekea hata majani. Wataalamu bado wanalichunguza jambo hili, alisema, hawajalimaliza. Nilitafsiri nusu, nikaanza kulia. Ikawa mgonjwa ndiye ananibembeleza mimi.

Basi juzi ukoo ukakutana kuzungumzia posa ya Elia. Shangazi akaanza: "Huyo binti tumwangalie vizuri, tusije tukaletewa mwingine wa kusimama wima kama mlingoti." Watu wakacheka. Unanijua, mimi si wa kunyamaza. Nikainuka mbele ya wazee nikawaeleza yote, kuanzia eksirei mpaka ubongo. Shangazi akatazama chini, akasema, "Kumbe alikuwa anaumwa." Hayo tu. Nilitaka aseme zaidi, lakini ndivyo alivyo.

Baba alitoka bila kuaga. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, analia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, hata siku tuliyokuzika.

"Kila siku nilimwambia ajikaze," akasema. "Na kila siku akajikaza."

Nikakaa naye pale mpaka wageni wakaondoka.

Mke wa Elia atakuja baada ya mavuno. Nakuahidi, siku akisema anaumwa hatasemwa mbele yangu, hata picha iwe safi namna gani. Na baba nitamtunza; siku hizi anakaa peke yake mno.

Pumzika, mama yangu. Mimi nilikuamini tangu nilipokuwa nakukanyaga mgongo, na sasa hapa nyumbani hatuna tena asiyekuamini. Habari hii imechelewa. Lakini imefika, na nilitaka uisikie kwangu.

Mwanao,
Yustina