Wameifuta Sura ya Nne

Raelynn, acha unachofanya, soma.

Kile kitabu cha uuguzi ambacho chuo chetu cha kabila kinaandika pamoja na chuo cha mjini, kile cha bure mtandaoni ambacho kila mwalimu anaruhusiwa kukibadilisha, leo nimekifungua kwenye mkutano mbele ya wakuu wa vyuo vyote viwili. Sura ya nne haipo. Haipo!

Ndiyo ile ya kuongea na mgonjwa kwa Kinavajo, lugha ya kabila letu. Wanafunzi wetu ndio walioiandika, na bibi yangu akawasahihishia kila sentensi. Na masomo yanaanza Jumatatu!

Nikauliza nani kaifuta. Profesa Whitlow wa chuo cha mjini akatabasamu: "Nimepunguza tu, binti. Wanafunzi wetu hawaihitaji. Si kitabu huria?"

Binti! Mimi, mwandishi mwenzake!

Nikamwambia, "Huria ndiyo, profesa. Toa nakala yako uikate mpaka libaki jalada. Hii ni ya wote, na wagonjwa mnaowalaza huko mjini ni bibi zetu."

Mkuu wetu akanikanyaga chini ya meza. "Etsitty, taratibu, hawa ni washirika."

"Washirika huulizana kwanza," nikasema. Nikabonyeza kurudisha toleo la jana, hapo hapo, kwenye skrini kubwa. Sura ikarudi yote.

Whitlow akafunga kompyuta yake. "Basi ushirikiano wenyewe tutaufikiria upya."

Ndipo mkuu wa chuo chao, mama mmoja, akavaa miwani akasogelea skrini. "Hii ya kumuuliza mtu anaumwa wapi, inatamkwaje?"

Nikamtamkia. Akakosea. Nikamtamkia tena.