Usije Kumwona Mama Yako

Lulindi, Masasi
9 Julai 1957

Mpendwa mjukuu wangu Alfani,

Marahaba. Najua umeniamkia, na kama hujaniamkia una adabu mbovu. Hujambo huko mkongeni? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila macho yanaingia ukungu. Anayeandika ni Paulina, mke wa mwalimu. Nimemkataza kuyapamba maneno yangu.

Barua ya kwanza ilikuambia uje upesi, mama yako ana saratani ya uti wa mgongo. Ndivyo alivyosema daktari alipotazama picha ya mifupa. Tukalia. Mama yako akampa Mabel, mdogo wake, jembe na mtungi, akalala.

Sasa sikia. Daktari mwingine alimchoma sindano nene, akatoa kipande cha mfupa, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Jibu limerudi: si saratani. Ni mfupa tu umenenepa ovyo, unabana mishipa. Maumivu atabaki nayo, mgongo hautanyooka, maji ya bondeni hatateka tena. Lakini hautamuua.

Kinachomuua ni kutoamini. Nilipomweleza alinitazama, akasema, "Mama, hivyo ndivyo tulivyomdanganya baba." Kweli tupu. Babu yako alipokuwa anakufa tulimwambia kesho utaamka ukalime, na mama yako ndiye aliyeshika bakuli la uji, anacheka ili mzee asijue. Kwetu mgonjwa haambiwi. Basi leo kila neno jema kwake ni kaburi. Nimemwapia, nimemtukana: "Anastasia, mimi kikongwe ndiye nikuzike wewe, tena kwa njaa ya kujitakia?" Kageukia ukutani. Uji umepoa.

Kwa hiyo usije. Vijana wa mkongeni hurudi ghafla kwa jambo moja tu. Rajabu wa Lisekese alipotokea njiani na sanduku lake, mama yake aliyekuwa mgonjwa alijua ameitiwa kuzikwa, akajifunika shuka, hakujifunua tena. Mama yako akikuona mlangoni, sitakuwa na neno la kumwambia.

Mwandikie yeye. Usimpe pole, usimuulize mgongo. Mkaripie: umechumbia, na mkeka wa harusi hajaanza kusuka, anangoja nini? Mtu wa kufa hagombezwi. Akikasirika ataketi. Akiketi atakula.

Na kama hujachumbia, chumbia. Uongo umetosha nyumba hii.

Mabel anakusalimu sana. Lile jembe kalirudisha pembeni mwa kitanda cha mama yako. Mungu akukinge na miiba ya mkonge. Natamani nikuone kabla ukungu haujafunga, lakini kaa huko huko.

Ni mimi mkeo wa kwanza, nikupendaye kuliko huyo atakayekuja,
Bibi Emilia