Msiba wa Cheo Changu

Isevya, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na mvua za huko Kisarawe? Mimi mwili mzima, ila roho inachemka, na mwalimu anayekusomea asilainishe neno hata moja.

Ile habari kwamba nitakuwa mkuu wa kituo cha umeme, ifute. Kama umeshawatangazia majirani, watangazie na hii.

Unajua nilivyoanza. Miaka mitatu nilibeba magogo ya kulisha tanuri. Miwili nikapaka mashine mafuta. Minne nikasoma mishale ya vipimo vya mvuke. Mitatu hii ya mwisho, mitambo yote miwili ilikuwa mikononi mwangu. Meneja wa zamani alipokwenda kwao alinipa funguo, akasema, "Kampuni ikiwa na akili, hazitatoka kwako." Kwa miezi minane taa za mji zilizimika mara mbili tu, na zote mbili ni radi.

Kampuni ikaleta Mzungu mgeni, mdogo kwangu kwa miaka tisa. Wiki saba nilimfundisha kuwasha mtambo wa pili, ule mkorofi. Wiki ya nane akasoma barua mbele yetu: yeye ndiye mkuu, mimi msaidizi wake.

Nilirudi kwenye mitambo. Mtani wangu Kulwa hakuliacha lipite. Ni Mnyamwezi wa Kwihara, mchochea tanuri. Unakumbuka msiba wa baba, watani walivyozuia jeneza mlangoni mpaka ukawapa kuku? Basi kesho yake asubuhi Kulwa akajilaza chali kwenye mlango wa mitambo, majivu usoni, analia:

"Jamani, cheo cha mtumwa wangu Mzaramo kimekufa! Hakizikwi mpaka nipewe kuku!"

"Ondoka hapo," nikamwambia. "Wewe kuku unamla na manyoya."

"Nyamaza! Mfiwa kazi yake kulia!"

Tulicheka wote, hata mimi, mara ya kwanza tangu barua ile. Mkuu mpya akatoka, akaona mlango umezibwa na watu wamekusanyika. Akasema ni mgomo. Nikamweleza utani wetu ulivyo, tangu babu zao Wanyamwezi walipokuwa wakishusha mizigo pwani kwetu. Hakutaka kusikia. Akamfukuza Kulwa papo hapo, kisha akanisogezea karatasi nitie sahihi kwamba nilimsikia akichochea watu.

"Tia sahihi," akasema, "nami nitakukumbuka."

Kulwa ana watoto sita, Mama. Nikaweka funguo juu ya karatasi yake, nikavua ovaroli, nikatoka.

Leo siku ya tatu. Mtambo wa kwanza umechoka, wa pili umemkatalia mkuu mpya kabisa, mji hauna taa tangu jana. Na mchana huu, ninapoandika, gari lake limesimama mbele ya nyumba. Anapiga hodi. Nimemwambia asubiri, namwandikia mama yangu. Kulwa yuko hapa kando yangu, anamuuliza kupitia dirishani kama kaja na kuku.

Sharti langu ni moja: Kulwa arudi kazini kwanza. Cheo kitafuata au kisifuate, lakini kufundisha mtu kazi yangu, basi tena.

Nisalimie dada Mwanahawa na vyungu vyake. Nisalimie mjomba Pazi, msusi wa makuti, na shemeji Zuhura, mwambie kanga zake nimeshanunua. Hodi ya nne hiyo. Bado sijamaliza. Nisalimie bibi, nisalimie mwadhini, nisalimie na yule jirani mpya ambaye hata jina simjui.

Mwanao,
Shomari