Mukuba, viroboto na magunia ya mdogo wangu

Jumapili, saa kumi alasiri, mwezi wa tisa. Joto.

Mvua bado inatuchezea. Mawingu yanakuja mpaka juu ya mgodi wa Mashamba, yanakaa kidogo, halafu yanakwenda zake. Nimefagia baraza mara mbili tangu asubuhi, na sasa hivi naweza kuandika jina langu kwa kidole juu ya meza. Nimetoka kuonana na mdogo wangu Ilunga na nimerudi na hasira. Hasira yenyewe haina pa kwenda, maana mwenye makosa ni mimi.

Wacha nianze na paka.

Anaitwa Mukuba, jina tunaloita shaba, kwa sababu ya rangi yake. Sina mtoto nyumbani, nina Mukuba, na anayetaka kucheka acheke. Mwezi wa sita aliota kipara juu kidogo ya mkia. Nilipopapasa mgongo nilikuta vipele vidogo vikavu, kama punje za chumvi zilizofichwa chini ya manyoya. Alikuwa anajilamba na kujing'ata bila kupumzika, mpaka mapaja yake kwa ndani yakabaki ngozi tupu.

Wakati huo Ilunga alikuwa anaishi kwangu, tangu mvua zilipokoma. Anachimba madini kwa mikono yake, kama vijana wengi wa mji huu, na bei ikiwa mbaya haachi mawe yake shimoni yaibwe. Anayaleta nyumbani, anayafunika turubai, anangoja. Kwa hiyo barazani kwangu palikuwa na magunia matatu, na Mukuba alipenda kulala juu yake mchana kutwa kwa sababu yanashika joto la jua.

Mtu wa hapa Kolwezi akiona paka mwenye kipara amelala juu ya magunia ya mawe, haulizi. Ni vumbi. Sisi hapa mtoto akikohoa ni vumbi, shati jeupe likigeuka rangi ni vumbi, matembele tunayaosha maji matatu kabla ya kuyapika. Ubaya ni kwamba mara nyingi tunasema kweli. Ndiyo maana sikutazama mara mbili.

Nilimngoja Ilunga mlangoni. Alikuwa anakung'uta ovaroli yake nje, kama nilivyomfundisha, na majirani walikuwa wanachota maji kwenye bomba langu, kwa hiyo walisikia yote.

"Unaniletea sumu mu nyumba," nikamwambia. "Angalia mugongo ya paka!"

"Yaya, iko paka tu," akasema. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Paka tu? Leo iko paka, kesho itakuwa miye. Weye na mawe yako, bote muko sumu moja!"

Akaendelea kukung'uta ovaroli yake. Hilo ndilo lililonitia kiburi zaidi. Jumatatu alipakia magunia kwenye baiskeli, moja moja, akarudi kuchukua godoro, akahamia kwenye vibanda vya mbao upande wa Kingamyambo anakoishi na wenzake. Nikamwaga maji barazani, nikasugua sementi, nikajisikia mtu safi.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayenijua uso. Nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti changu na kufurahi.

Mukuba hakupona.

Nikasema vumbi limeshaingia ndani ya ngozi. Nikaanza kumwogesha kila siku kwa sabuni ya unga, ile ya kufulia, maana ndiyo inayoondoa uchafu wa mgodini kwenye nguo. Alilia, akanikwaruza, akajificha chini ya kabati. Nikamvuta kwa miguu. Ngozi ikakauka, ikapasuka, ikaanza kutoa maji. Jirani mmoja akanishauri nimpake mafuta machafu ya injini, kama wanavyowapaka mbwa wenye ukurutu. Kopo nilikuwa nimeshalipata. Nashukuru tu kwamba siku hiyo hiyo nilikutana na mzee tunayemwita kwa heshima Tata Mwamba, akitoka kanisani.

Tata Mwamba alikagua nyama machinjioni miaka mingi kabla ya kustaafu, na wanyama anawajua kuliko anavyojua watu. Alikuja nyumbani, akaliona kopo, akaniuliza kama nataka kumuua. Paka anajilamba, akasema, chochote unachompaka mgongoni kinaishia tumboni. Halafu akaomba kitana chenye meno ya karibu karibu na karatasi nyeupe iliyolowa maji.

Akamchana Mukuba kuanzia kiunoni. Chembe nyeusi zikaanguka kwenye karatasi. Nikamwambia, si unaona, Tata, ndilo vumbi lenyewe.

"Ngoja, mama," akasema.

Chembe zikaanza kuvuja rangi kwenye maji. Nyekundu.

"Vumbi ya Kolwezi haigeukake damu," akasema Tata Mwamba. "Ile njo mavi ya biroboto. Banakunywa damu yake, na paka yako mwili wake haipendi mate yao. Kiroboto moja inamuluma, anajikuna siku mingi."



Alinieleza taratibu, na naandika kama alivyosema, kwa yeyote mwenye paka asirudie upumbavu wangu. Kipara juu ya mkia na vipele mgongoni, tafuta viroboto kwanza, hata kama huwaoni. Kipara cha duara kichwani au masikioni, chenye magamba na nywele zilizokatika, huo ni ukungu, nao unaambukiza watu, kwa hiyo nawa mikono. Sikio lenye uchafu mweusi mkavu, hao ni wadudu wa sikio, usichokonoe na kijiti. Sabuni ya kufulia ni ya nguo. Dawa ya viroboto iwe ya paka, kwa uzito wake, kamwe isiwe ya mbwa, maana nyingine zinaua paka. Kidonda kikitoa usaha au paka akikataa kula, hapo umechelewa tayari, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Halafu akauliza Mukuba analala wapi usiku. Nikamwonyesha zulia la chumbani, lile la zamani nililolichukua nyumba ya mama alipofariki. Akalikunja pembe, akaweka goti, akapekua nyuzi. Viroboto wakamrukia kwenye soksi.

Zulia langu mimi. Chini ya kitanda changu mimi. Magunia ya Ilunga tuliyasingizia tu.

Nilichoma zulia. Mablanketi nikayafua kwa maji moto na kuyaanika juani. Tata Mwamba alinitafutia dawa ya matone, nikaiweka shingoni nyuma, pale ulimi wake usipofika, na kila asubuhi namchana. Wiki ya tatu hii. Manyoya yameanza kuota, mafupi na laini, mekundu kuliko yale ya kwanza. Amenisamehe siku ile ile nilipoacha kumwogesha. Paka hawana kinyongo, au labda ni kwa kuwa yeye sikumtukana mbele ya watu.

Leo baada ya ibada nilikwenda kule vibandani. Nilimbebea Ilunga maandazi ndani ya mfuko. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika yakapotea. Alitoka nje, akasimama jua likimpiga usoni. Hakunipa kiti. Labda hawana kiti.

"Bonjour, Mama," akasema.

Mama. Mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, tangu aanze kusema ananiita Yaya. Mama ni heshima anayompa mwanamke yeyote anayepita barabarani.

Nikamwambia ni viroboto. Nikamwambia kuhusu zulia. Akacheka kidogo, puani.

"Donc paka iko bien?"

"Iko bien, iko muzima. Manyoya inarudia."

"C'est bon, Mama, ni muzuri."

Nikamwambia, rudi nyumbani. Akanitazama.

"Na mawe yangu nitaweka wapi?"

  Niliiona baraza yangu, sementi niliyoisugua. Naye aliniona nikiiona.

"Hakuna matata, Mama," akasema, akanyoosha mkono kupokea mfuko.

Mkono wa shati ukapanda. Ngozi yake kutoka kwenye vifundo mpaka karibu na kiwiko ilikuwa kijivu, imepasuka, ina magamba, na katikati ya vidole palikuwa pekundu, pamelowa. Mikono yote miwili. Anaosha mawe ndani ya maji machafu ya mgodi siku nzima, bila glavu.

"Ile iko tangu wakati gani?"

"Tangu niko kwako."

Alikaa kwangu tangu mvua zilipokoma, akala mezani kwangu na mikono ya shati imefungwa mpaka vifungo vya mwisho. Nilidhani ni baridi ya mwezi wa saba. Alikuwa anamega bukari, ugali wetu, kwa vidole vile vile, mbele yangu, kila siku, na mimi nilikuwa chini ya meza napekua mgongo wa paka nywele kwa nywele. Vumbi lilikuwa linakula ngozi ya mtu kweli nyumbani kwangu. Nami nilipolilaumu kwa ajili ya paka, nilimfukuza yeye.

Nimeshatandika turubai barazani. Kesho asubuhi narudi kule, nimpeleke kwanza kituo cha afya, halafu magunia yake yaje hapa, yote, hata kumi.

Akiniita Mama tena, nitaitika.