Sketi ya Mama Neema Ilichanika Yafa

Yeoville, Jumanne, Juni 2017. Baridi kali, vidole vimekufa ganzi, lakini leo nimeamka mwepesi.

Tumerudi kutoka Israeli tangu Jumamosi na bado sijaandika lile lililonipata Yafa, ule mji wa kale wa bandari. Nimekuwa naona haya.

Tulikwenda watu kumi na wawili wa kanisa, wote tumevaa kitenge cha aina moja. Sare nilishona mimi. Kila mtu alikuja dukani nikampima, isipokuwa Mama Neema. Tulijifunza cherehani pamoja Bukavu, tukakimbilia huku kusini mwa Afrika pamoja, halafu mwaka jana tukagombania mteja, basi, salamu zikaisha. Kitambaa chake alimpa mtu aniletee. Na mimi kwa kiburi changu sikumwita. Nilishona kwa vipimo vyake vya zamani vilivyo daftarini, na nilikuwa najua amenenepa.

Ndiyo, nilijua.

Eish, Yafa ni ngazi za mawe tu, vichochoro vyembamba na jua la kuchoma. Kiongozi wetu alisimama akaeleza kwamba katika mji huu ndimo alimoishi yule mama wa kwenye Biblia aliyewashonea wajane nguo. Wenzangu wote wakanigeukia, fundi wao. Nikatabasamu. Mnafiki mkubwa mimi.

Tukaendelea kupanda. Mama Neema akainua mguu, sketi ikachanika kutoka kiunoni hadi pajani.

Hakuna aliyecheka. Akina mama walifungua liputa zao, vile vitenge vya kujifunga juu ya sketi, wakamzungushia kama ukuta, nami, nisiyetembea bila sindano, nikapiga magoti kwenye mawe. Mwaka mzima sikuwa nimemkaribia hivyo. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilijua vipimo si vyake tena.

Nilipomaliza nikakata uzi kwa meno.

"Yaya," akasema, akiniita dada kama zamani, "hata mimi nilijaribu nyumbani nikaona inabana. Nikavaa hivyo hivyo, nisije kukuomba uipanue."

Jamani, tulicheka! Kiongozi alirudi kututafuta akatukuta tumeshikana mikono, machozi yanatutoka.

Kesho anakuja dukani. Nimefungua ukurasa mpya daftarini, nimeandika jina lake, na vipimo nimeviacha wazi.