Swichi ya Goti

11 Januari

Mdogo wangu Kiherehere,

Habari za huko, na za kazi? Sisi tupo, tunaendelea. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sina neno, ila mkono wa kulia umekuwa mvivu. Bisibisi inanitoka vidoleni kama imepakwa mafuta. Nadhani ni baridi ya karakana.

Uliniuliza Jumamosi huwa nafanya nini hata simu sipokei. Usicheke. Nasoma.

Unajua zile mizani za umeme ninazotengeneza, zenye kioo cha namba. Ndani mna kompyuta ndogo kama ukucha, na maagizo yake yameandikwa kwa lugha moja ya zamani ambayo hata watu wa kompyuta wengi hawajaisikia. Mwaka jana nililetewa moja, ukiiwekea kilo moja inasema tatu. Nikaulizauliza, nikaelekezwa kwa mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia. Kumbe ana kikundi kizima cha wapenzi wa lugha hiyo. Kizima nasema, kumbe walikuwa wanne: yeye Mwalimu, Mshonaji, Dereva wa gari la maziwa, na Fundi Meno, yule anayetengeneza meno ya bandia. Nikawa wa tano. Tunakutana saa nne asubuhi, chumba cha juu cha duka la vipuri. Meza moja, birika moja, kompyuta tatu zenye umri wa kuamkiwa shikamoo.

Lugha yenyewe ni hivi: kila kitu unakipanga kama sahani. Unaweka moja, unaweka nyingine juu yake, na mashine huchukua ya juu tu. Maneno inayokuja nayo ni machache. Mengine unayatunga mwenyewe kwa kuyaunganisha yale machache. Sisi tumeyapa yote majina ya Kiswahili. Mshonaji katunga neno pindo. Tukamuuliza linafanya nini, akasema, "Linaikunja namba nusu, kama sketi ya mteja aliyekonda." Dereva alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Nimeyapiga picha masomo tisa ya Mwalimu, nakutumia. Jaribu. Ukikwama uliza.

Kaka yako


2 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Salamu zako zimefika, na mgongo umepoa tangu wanihamishie kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka. Hapa kazini nguo za hoteli nne zinafuliwa chini ya paa moja, kwa hiyo nikikuambia habari ya kupanga kitu juu ya kitu, mimi ndiye mwalimu.

Nilifungua somo la kwanza kwa kukuridhisha tu. Nilikaa stoo juu ya fungu la taulo wakati wa mapumziko, nikasema nasoma dakika kumi. Msimamizi alinikuta mapumziko yamekwisha zamani. Nimetunga neno langu la kwanza, kaka. Ukilipa idadi ya mashuka linakwambia yatajaza mikokoteni mingapi. Niliandika "arobaini", likajibu "tano", na kweli ni tano. Nilijisikia kama nimefuga mnyama akanitii.

Jumamosi Mwalimu aliniunganisha kwa simu. Mshonaji akauliza, "Huyu ndiye yule mdogo wako msumbufu?" Ukanyamaza. Nilikusikia ukinyamaza. Tumeandikiana miaka sita habari za uzima na hali ya hewa, na sasa tunagombana juu ya sahani ipi itoke kwanza. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema.

Huo mkono nenda ukauonyeshe kwa daktari. Baridi haichagui mkono mmoja.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa kimya. Najua umeandika mara tatu. Natumaini hujambo. Wifi yako anajikaza.

Nimekaa hospitali wiki mbili, wamenichoma sindano za umeme kwenye misuli. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Misuli inazimika mmoja baada ya mwingine, kwanza mikono, baadaye miguu, baadaye sauti, na kuendelea. Dawa hawana. Nikauliza, "Daktari, mimi nitabaki na nini?" Akasema, "Akili yako haitaguswa." Alisema kama anayenipa zawadi.

Karakana nimeifunga. Mizani kumi na moja za watu nimezirudisha hazijatengenezwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kazi.

Barua hii nimeiandika kwa kidole kimoja, siku mbili. Kikundini bado naenda, Dereva ananibeba ngazini. Anasema makopo ya maziwa ni mazito kuliko mimi.

Usilie kazini, utaunguza mashuka.

Kaka yako


29 Aprili

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Siwezi kukuuliza hali, kwa hiyo nakusalimu tu. Mwambie wifi nampenda.

Barua yako ilipofika nilifungasha begi. Asubuhi nikaenda ofisi ya vibali, nikapanga foleni mpaka saa nane. Kibali changu cha kuishi huku kiko kwenye kuhuishwa tangu Januari. Yule dada wa dirishani aliniambia, "Ukitoka nchini kabla hakijajibiwa, faili linafungwa na huruhusiwi kurudi." Nikamuuliza kitajibiwa lini. Akasema hajui. Nikamwambia habari zako. Akanitazama vizuri kabisa, kwa huruma, akasema tena hajui. Ningeona afadhali angenifokea.

Nikitoka na nisirudi, hakuna wa kuwatumia pesa za hospitali. Wifi kaniambia nisithubutu. Begi bado liko mlangoni.

Jana Mwalimu kanipigia. Kasema kikundi kinakutengenezea chombo: herufi zinapita kwenye kioo moja moja, ukiona unayoitaka unabonyeza swichi. Wanatumia kompyuta ya mizani, kwa kuwa ndiyo mnayoijua wote. Kila mmoja kapewa neno la kutunga. Mimi nimepewa sikia, linalongoja kubonyeza kwako na kutofautisha kubonyeza na kutetemeka. Nalifanyia kazi kila mapumziko. Ni kitu pekee nilichopewa kukufanyia.

Mdogo wako


30 Juni

Kiherehere

Hujambo. Barua hii nimeiandika kwa goti. Mikono imekwisha, sauti karibu. Fundi Meno alipima goti langu kwa plasta laini kama anavyopima fizi, akanitengenezea swichi inayonikaa sawasawa. Sikia yako inasikia vizuri kuliko wifi yako. Yeye kasoma hapa akanifinya.

Jumamosi walihamia sebuleni kwangu. Nilimkosoa Mwalimu, herufi kumi na tisa. Walingoja zote. Alikuwa amekosea kweli.

Mistari hii ni siku nne. Andika wewe, mimi nasoma.

Kaka yako


17 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Wifi kanipigia, kanieleza ya Jumanne. Kwamba kichwa kilikuangukia kifuani, pumzi ikawa inapita kwa shida, ukawa unabonyeza. Yeye alikuwa hapohapo anakunja nguo. Akatazama kioo, akaona herufi M imesimama, akadhani umepumzika. Ulibonyeza na kubonyeza, na kioo kikabaki M. Nusu saa nzima, kaka, mpaka Mshonaji akaingia kukujulia hali, akaona midomo yako imebadilika rangi, akakuinua kichwa.

Wifi anajilaumu. Nakuomba umwambie aache, kwa sababu si yeye.

Nimeikagua programu siku tano. Kosa ni langu. Kila ulipobonyeza au goti lilipotetemeka, sikia iliweka sahani moja na kuisahau. Moja tu. Mashine ina nafasi ya sahani elfu moja. Siku zote hamkuona tatizo kwa sababu wifi huizima kila jioni, na ikizimwa zinafutika. Jumatatu hukutaka izimwe, ulikuwa katikati ya barua. Barua ya kuja kwangu. Jumanne sahani zikajaa, mashine ikaganda.

Lilipungua neno moja, dondosha, lile la kuiondoa sahani ya juu, mwisho wa mstari wa sita. Nilipolijaribu neno langu nilibonyeza mara ishirini, likafanya kazi, nikafurahi, nikalituma. Sikubonyeza mara elfu.

Mwalimu amesharekebisha. Sikuombi uniandikie msamaha kwa goti, ni kazi kubwa. Nimetaka tu ulisikie kwangu.

Mdogo wako


3 Septemba

Kiherehere

Mstari wa sita niliupitia mara mbili. Mwalimu pia. Sote watano. Usijipe kesi peke yako.

Goti linachoka. Usitume marekebisho tena. Tuma habari.

Kaka


8 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo. Wifi atakusomea hii, nimemwomba asome polepole na asiruke anapotajwa yeye.

Kaniambia goti limenyamaza. Kwamba Fundi Meno alijaribu shavu, halafu nyusi, mwisho kope, akachonga swichi nyepesi kama unyoya, na bado haikubonyezeka. Mwalimu aliibonyeza sikia kwa kidole chake mara elfu tatu, akihesabu kwa sauti, haikuganda. Sasa haina kosa hata moja.

Kibali bado. Naenda kila Jumatatu. Yule dada wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika, ili nisipoteze muda kwenye foleni.

Ulitaka habari. Kazini wameleta mashine mpya ya kukunja taulo, na inakunja vibaya kuliko mimi. Kikundi kimepata mtu mpya, yule nesi anayekuja kwako asubuhi. Aliona karatasi zetu mezani, akauliza, sasa amefika somo la nne na anambishia Dereva.

Jumamosi walikutana tena chumba cha juu, mimi kwenye simu. Mwalimu alisema labda kikundi kifungwe kwa muda, kwa heshima yako, maana kukaa pale wanacheka na wewe uko hivyo hakumkai vizuri moyoni. Mshonaji akasema hapana, wewe ungechukia. Wakabishana. Halafu wakanigeukia: "Wewe ndiye ndugu yake, sema, yeye angetaka nini?"

Wewe uko mtaa wa pili kutoka pale, akili yako kamili, una jibu tayari, na hakukuwa na njia hata moja ya kukuuliza. Ikabidi nijibu mimi, niliye mbali kuliko wote. Nikawaambia waendelee. Kisha nikasikia birika likiwekwa, na nesi akauliza somo la tano linaanzia ukurasa gani, na baadaye kidogo wakacheka, na mimi nikacheka.

Tangu siku hiyo sina raha. Nilifanya sawa, kaka?

Mdogo wako